"ILE HELA TUMA KWA NAMBA HII": ULINZI WA MTANDAO WA OFISI ZETU

Hotuba iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika na wahisani





 Tunajua wengine mmesafiri tangu alfajiri, na tunajua mlitarajia tuzungumzie visima, mikopo ya vikundi na ukarabati wa zahanati. Hayo yamo kwenye ratiba ya mchana. Asubuhi hii tumeomba muda tuzungumzie kitu kisichoonekana kwa macho, ambacho kikiharibika hivyo vyote vinasimama. Tunazungumzia usalama wa mtandao wetu wa kompyuta na simu.

Ujumbe tunaoufahamu sote

Wengi wetu humu ukumbini tumewahi kupokea ujumbe mfupi wa simu usemao: "Ile hela tuma kwa namba hii." Tumecheka na kuufuta. Lakini tujiulize, kwa nini ujumbe huo haufi? Miaka inapita, laini zinafungwa, watu wanakamatwa, na bado unakuja.

Haufi kwa sababu unafanya kazi. Anayeutuma hakufahamu. Anautuma kwa watu wengi sana, akijua kwamba miongoni mwao yupo mama ambaye asubuhi hiyo alikuwa anajiandaa kutuma ada ya mtoto, au fundi aliyekuwa anasubiri namba ya muuza mbao. Kwa mtu huyo ujumbe unafika wakati wake. Hatilii shaka, kwa sababu hela ipo kweli na anayedai yupo kweli. Kilicho cha uongo ni namba tu.

Tumeanza hapa kwa sababu wizi mkubwa unaozisumbua ofisi duniani leo ni ndugu wa ujumbe huu. Tofauti ni moja. Mwizi wa ofisi habahatishi. Ameshaingia kwenye barua pepe ya mtu, amekaa kimya wiki kadhaa akisoma, anajua ni mradi upi unasubiri malipo, nani anaidhinisha, na siku gani mhasibu yuko safarini.

Mtandao wetu ni upi?

Mtu akisikia neno "mtandao wa taasisi" anafikiria benki au serikali. Lakini hebu tujitazame. Usharika unatuma taarifa ya mapato jimboni kwa barua pepe au kwa picha ya WhatsApp. Jimbo linapeleka ofisi kuu. Ofisi kuu inawasiliana na benki, na hospitali, na shule, na wahisani walioko ng'ambo. Matoleo mengine yanapita kwenye simu. Majina ya watoto wanaosomeshwa yamo kwenye kompyuta, pamoja na picha zao na jina la kijiji. Huo wote ni mtandao mmoja. Anayeingia kwenye kompyuta ya karani wa usharika ameshaanza safari ya kwenda ofisi kuu.

Wala tusijifariji kwamba mambo haya yako mbali. Julai 2023 majirani zetu wa Kenya waliona mfumo wao wa huduma za serikali, eCitizen, ukizidiwa na mashambulizi ya mtandaoni, na wananchi waliohitaji huduma wakakwama. Hapa kwetu, kikundi cha WhatsApp cha kwaya au cha kamati ya ujenzi ni windo tayari. Mwizi anampigia mjumbe, anamwomba amtajie tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yake, na dakika chache baadaye anaandika kwenye kikundi kwa jina la mjumbe huyo akiomba michango ya msiba usiokuwepo.

Malipo ya umeme wa jua yaliyokwenda kwingine

Sasa tutoe mfano wa shirika linalofanya kazi kama yetu. Mwaka 2017 wezi waliingia kwenye barua pepe ya mfanyakazi wa shirika la Save the Children la Marekani. Wakaandika kwa jina lake. Wakatengeneza ankara na hati za bandia kuonyesha kwamba yanahitajika malipo ya vifaa vya umeme wa jua kwa ajili ya vituo vya afya nchini Pakistani. Shirika hilo lilikuwa limefanya kazi Pakistani kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo ombi halikumshangaza mtu. Karibu dola milioni 1 zilitumwa, zikaingia katika akaunti ya kampuni ya udanganyifu nchini Japani. Ilipogundulika, malipo hayakuweza kuzuiwa tena. Bima ililirudishia shirika sehemu kubwa ya fedha hizo, lakini si zote.

Tuangalie vizuri. Hakuna aliyevunja kabati. Hakuna aliyeiba hundi. Mfanyakazi aliona ombi la kawaida, kutoka kwa mtu wa kawaida, la mradi wa kawaida. Ni "ile hela tuma kwa namba hii" ikiwa imevaa suti na kubeba ankara. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliripoti kwamba kwa mwaka 2023 peke yake malalamiko ya wizi wa aina hii yaliyoifikia yalikuwa na hasara ya takriban dola bilioni 2.9.

Na wizi huu unakua. Mwanzoni mwa 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup katika ofisi ya Hong Kong alifanya malipo 15, jumla yapata dola milioni 25 za Marekani, baada ya kushiriki mkutano wa video. Aliwaona wakubwa wake kwenye skrini na kuwasikia wakizungumza. Sura na sauti hizo zilikuwa zimetengenezwa na kompyuta. Kwa hiyo leo hatuwezi tena kusema, "Nilimwona kwa macho yangu kwenye video," tukadhani tumemaliza kazi ya kuhakikisha.

Heshima isitumike kama ufunguo wa mwizi

Hapa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi ya leo.

Sisi ni watu wa heshima. Barua ikija kwa jina la Baba Askofu, au la Katibu Mkuu, au la mkuu wa jimbo, tunatekeleza. Mhasibu kijana haoni sawa kumpigia mkuu wake simu amuulize, "Je, ni wewe kweli uliyeandika?" Anaona kama anamwita mwongo. Karani wa usharika anaona haya kumsumbua mchungaji aliye kwenye ibada ya mazishi. Mwizi anaijua tabia hii kuliko tunavyodhani. Ndiyo maana barua zake karibu zote zinafanana: zimetoka kwa mkubwa, zina haraka, na zinaagiza jambo libaki siri. "Niko kwenye mkutano, usinipigie, lipa kabla ya saa 6 mchana."

Tuone jinsi swali la mtu mdogo linavyoweza kuokoa fedha kubwa. Februari 2016 wezi walioingia kwenye mtandao wa Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo 35 ya malipo kwenda New York, ilikokuwa akaunti ya benki hiyo, wakitaka karibu dola bilioni 1. Walichagua usiku wa Alhamisi, kwa sababu nchini Bangladesh Ijumaa ni mapumziko. Malipo 5 yalipita. Manne, ya jumla ya dola milioni 81, yalikwenda Ufilipino, na sehemu kubwa ya fedha hizo haikurudi. Lakini la tano, la dola milioni 20, lilikuwa la taasisi ya hisani nchini Sri Lanka, na kwenye jina lake neno la Kiingereza "foundation" lilikuwa limeandikwa "fandation". Benki iliyokuwa njiani, Deutsche Bank, ikasimamisha malipo na kuuliza. Swali hilo likaokoa dola milioni 20.

Hilo ni neno moja tu lililokosewa. Aliyeliona hakuwa gavana wa benki. Aliona kitu hakikai sawa, akauliza kabla ya kupitisha.

Kwa hiyo tunapendekeza kwenu, na tunaomba semina hii ilikubali, jambo moja ambalo halina gharama hata ya shilingi: kuhakikisha kusihesabiwe tena kuwa ni utovu wa adabu. Ifahamike kuanzia ofisi kuu hadi mtaani kwamba mhasibu au karani anayesimamisha malipo ili apige simu na kuuliza, anamheshimu mkuu wake kwa kulinda jina lake. Na mkuu anayepigiwa simu hiyo, hata kama ni mara ya tatu kwa wiki, ajibu kwa upole na kusema asante. Mkuu akifoka mara moja tu, ofisi nzima itajifunza kunyamaza, na siku hiyo tumempa mwizi ufunguo.

Kirusi kinachofunga mafaili

Hatari ya pili ni virusi vya kudai fidia. Programu hizi zikiingia kwenye kompyuta moja zinasambaa kwenye mtandao, zinafunga mafaili yote yasisomeke, kisha unatokea ujumbe unaodai fedha ili yafunguliwe. Siku hizi wezi wengi huiba nakala ya mafaili kwanza, na kutishia kuyatangaza hadharani wasipolipwa.

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza kiliikumba huduma ya afya ya taifa. Mkaguzi wa hesabu za serikali wa huko alikadiria kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa, zikiwemo za upasuaji. Cha kusikitisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imeshatoa masahihisho ya kuziba upenyo huo tarehe 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta zilizoumia ni zile ambazo hazikusasishwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ulijulikana, na udongo wa kuziba ulitolewa bure.

Mwezi uliofuata, tarehe 27 Juni 2017, kilikuja kingine kilichopewa jina NotPetya. Hiki kilianzia Ukraine, kikipitia kwenye programu ya uhasibu iliyotumiwa na makampuni mengi huko. Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake tunayaona bandarini Dar es Salaam, ilikuwa na programu hiyo katika ofisi yake ya Odessa. Kwa muda mfupi mtandao wake wa dunia nzima ukaanguka. Kirusi hiki kiliiba maneno ya siri kutoka kompyuta moja na kuyatumia kuingia nyingine, kwa hiyo hata kompyuta zilizosasishwa ziliangamia. Wala kulipa fidia kusingesaidia, kwa sababu kilitengenezwa kuharibu tu.

Maersk ilipoanza kujenga upya, iligundua kwamba seva zake zote zilizohifadhi orodha ya watumiaji na ruhusa zao, duniani kote, zilikuwa zimefutwa. Zote isipokuwa moja, nayo ilikuwa Ghana. Ilisalimika kwa sababu umeme ulikatika kabla ya shambulio, ikawa imezimwa na haikuwa kwenye mtandao. Intaneti ya huko haikuwa na nguvu ya kupeleka mafaili hayo kwa haraka, na mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja akaruka hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, na huyo akaipeleka Uingereza. Kampuni iliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku zipatazo 10. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Sisi tunaolalamikia kukatika kwa umeme kila siku, tujifunze kutokana na habari hii. Kampuni kubwa namna ile iliinuka kwa sababu ilibaki nakala moja ambayo haikuunganishwa na nyingine, na ilibaki kwa bahati. Nakala zetu zisibaki kwa bahati. Nakala ya akiba iliyochomekwa kwenye kompyuta saa 24 itafungwa pamoja na kompyuta yenyewe. Nakala inayookoa ni ile iliyochomolewa na kufungiwa kabatini.

Akaunti ya mtu aliyekwishaondoka

Mwezi Mei 2021 bomba kubwa la mafuta la kampuni ya Colonial Pipeline, lililokuwa likibeba karibu nusu ya mafuta ya mwambao wa mashariki wa Marekani, lilisimama kwa siku kadhaa. Foleni zikajaa kwenye vituo. Wezi waliingia kwa akaunti ya zamani ya kuingilia mtandao wa kampuni ukiwa mbali. Akaunti hiyo haikuwa ikitumika tena, lakini hakuna aliyeifunga, na ilihitaji neno la siri peke yake, bila uthibitisho wa pili. Kampuni ililipa fidia ya takriban dola milioni 4.4. Serikali ya Marekani ilifanikiwa baadaye kurudisha sehemu tu.

Kila usharika ujiulize leo: mhazini aliyemaliza kipindi chake bado anajua neno la siri la barua pepe ya usharika? Kijana aliyejitolea miaka miwili iliyopita bado ana ruhusa ya kuingia kwenye mafaili ya mradi? Mtu anapohama tunamfanyia sherehe na kumpa zawadi, na tunachukua funguo za ofisi. Tuchukue na funguo hizi zisizoonekana.

Majina ya watu ni amana

Ndugu wapendwa, mpaka hapa tumezungumzia fedha na mafaili. Lakini kuna kitu ambacho hakina bima.

Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva zake zilizohifadhi taarifa za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu waliotenganishwa na familia zao kwa vita, uhamiaji na maafa, watu waliopotea na ndugu wanaowatafuta, na watu walioko vizuizini. Huduma hiyo ya kutafuta ndugu inafahamika hata hapa kwetu katika kambi za wakimbizi za Kigoma. Wadukuzi walikuwa wameingia tangu tarehe 9 Novemba 2021 na waligunduliwa baada ya siku 70. Walipitia upenyo ambao masahihisho yake yalikuwepo lakini yalikuwa hayajawekwa kwenye seva hizo. Shirika lenyewe lilieleza hayo waziwazi, nasi tunaliheshimu kwa kusema ukweli, maana wengine tumepata nafasi ya kujifunza.

Fedha ikiibwa inaweza kuchangwa tena. Jina la mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI likishatangazwa kijijini halirudi kabatini. Picha ya binti aliyekimbia ukeketaji, pamoja na jina la bweni analoishi, ikimfikia anayemtafuta, hakuna ripoti ya mradi itakayofidia. Watu hawa walitupa taarifa zao kwa kutuamini. Hawakuulizwa kama kompyuta yetu ina virusi.

Sheria nayo inatudai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa kusajiliwa, kukusanya zile tu inazozihitaji, na kuzilinda. Mashirika ya dini hayakuwekwa kando.

Kazi ya kila mmoja wetu

Haya hayahitaji wataalamu kutoka Ulaya. Sehemu kubwa ni desturi. Tunaziomba kamati zote zizichukue hatua zifuatazo na kuziingiza kwenye kumbukumbu za kikao chao kijacho:

1. Malipo yoyote yanayokuja na namba mpya ya akaunti au ya simu yasifanyike mpaka mhusika apigiwe simu. Apigiwe kwa namba iliyomo kwenye daftari letu la siku zote, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe. Na sisi ndio tupige. Tusitegemee simu tuliyopigiwa.

2. Kila malipo yaidhinishwe na watu wawili, na wa pili asome hati mwenyewe. Saini ya pili inayowekwa bila kusoma ni wino tu.

3. Barua pepe na WhatsApp za ofisi ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili. Tarakimu zinazoingia kwenye simu asipewe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki, wa kampuni ya simu au wa ofisi kuu.

4. Kompyuta zisasishwe kila wiki. Zile zinazotumia Windows 10 zijulikane na kuhesabiwa, kwa sababu masahihisho yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Programu za kuibia zisizo na leseni ziondolewe, kwani mara nyingi huja na kirusi ndani yake.

5. Nakala za akiba ziwe mbili: moja kabatini ofisini ikiwa imechomolewa, nyingine nje ya jengo, kwa mfano jimboni. Kila robo mwaka tujaribu kufungua faili kutoka kwenye nakala hizo. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haitegemewi.

6. Mtandao wa wageni na wanafunzi utenganishwe na wa uhasibu na wa hospitali. Nyumba yenye mlango mmoja na vyumba visivyo na milango, mwizi akishaingia sebuleni ameshafika chumbani.

7. Akaunti ya anayehama ifungwe siku anayokabidhi ofisi.

8. Orodha za watu zipunguzwe. Taarifa isiyohitajika isikusanywe, na iliyokwisha kazi ifutwe.

Wahisani wetu, kwenu tuna maombi mawili. La kwanza: mkipata barua pepe kutoka kwetu inayosema akaunti ya dayosisi imebadilika, msiiamini, hata ikiwa na nembo na saini. Tupigieni simu kwa namba mliyo nayo siku zote. La pili: mnapofadhili mradi, ruhusuni fungu dogo la mambo haya yasiyopigwa picha, yaani leseni, diski za akiba na mafunzo ya makarani. Tunajua halina bango la kuzindua kama kisima. Lakini mnakumbuka mwaka 2020, kampuni ya Blackbaud, inayotunza kumbukumbu za wachangiaji wa mashirika mengi ya hisani, ilipovamiwa, majina yaliyochukuliwa yalikuwa ya watu kama ninyi. Ulinzi huu ni wenu pia.

Likitokea, semeni

Mwisho, tahadhari kabla ya hatari ni njema, lakini hata mwenye tahadhari anaweza kuibiwa. Likitokea, saa za kwanza ndizo zenye thamani. Benki ipigiwe palepale ili ijaribu kuzuia fedha. Kompyuta yenye dalili itolewe kwenye mtandao. Ofisi kuu iarifiwe siku hiyohiyo, na polisi pia, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo. Ujumbe wa simu wa kitapeli upelekwe kwa namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Na aliyedanganywa asiaibishwe. Tukimsimamisha mbele ya usharika kama mhalifu, yule atakayefuata ataficha kwa wiki mbili, na wiki mbili zinamtosha mwizi kuwafikia wengine wote. Uchunguzi ufanyike, lakini anayetoa taarifa mapema ashukuriwe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, vikombe vya sadaka huhesabiwa na zaidi ya mtu mmoja kila Jumapili, na hakuna mzee wa kanisa anayeona kwamba amedharauliwa. Ni utaratibu tuliourithi, na umetulinda. Tunachoomba leo ni utaratibu huohuo uingie kwenye kompyuta na kwenye simu zetu. Fomu za kamati zipo mezani karibu na mlango, zenye hatua zote 8 na nafasi ya kuandika tarehe ya kuzikamilisha. Tunaziomba zirudi kwetu kabla ya mwisho wa robo mwaka hii. Zile tutakazozipokea, tutazipigia simu sharika zake kuhakikisha. Msikasirike.